Sura ya 6: Mji wa Kale wa Kuzungukia kwa Baiskeli Uko Wapi Huku Kwetu?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kijana ametazama video ya watalii wakizunguka Amsterdam kwa baiskeli. Mwongozaji yuko mbele, kundi liko nyuma. Wanasimama darajani, wanasimulia habari za mfanyabiashara wa karne ya 17 aliyejenga nyumba nyembamba kando ya mfereji, kisha wanaendelea. Kijana anaweka simu chini, anatazama barabara ya Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, na kuuliza: sisi tungezunguka wapi? Mwalimu wa historia huuliza jambo hilohilo kwa namna yake. Nitawapeleka wapi wanafunzi, kwa gharama ndogo, wakaone kitu kilichojengwa na watu wa huku kabla ya reli kufika Ziwa Victoria?

Mahali papo, na si mbali. Ni Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, zaidi ya kilomita 50 kutoka Rangwe kwa njia ya Rodi Kopany na Ndhiwa. Ohinga ni boma kubwa la mawe. Thimlich ndipo penye maboma makubwa na yaliyohifadhika vizuri kuliko mengine yote katika eneo la Ziwa Victoria. Mwaka 2018 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ililiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Katika orodha hiyohiyo imo mifereji ya Amsterdam, iliyoingizwa mwaka 2010.

Sura hii inaeleza namna ya kufika huko kwa baiskeli ukiwa na mtu wa kukuongoza, na kwa nini ninaamini njia hiyo inazidi kwenda kwa gari. Ukuta wa Thimlich ukiutazama peke yake ni mawe tu. Maelezo yake yametawanyika barabarani, kuanzia nje ya mlango wako hapo Rangwe, na anayepita kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa huyaacha yote nyuma.

Kwa nini baiskeli?

Mtu anayetembea kwa miguu huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwa siku moja ataijua vizuri kona moja ya mji, basi. Gari humpeleka mbali, lakini humfungia ndani ya kioo na huwa zito kusimama. Baiskeli hukaa katikati. Mtu wa kawaida, bila kujichosha, huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa kwenye njia nzuri. Husikia sauti na harufu za njiani, na akiitwa husimama hapohapo. Ndiyo maana miji ya kale ya Ulaya, yenye vichochoro vilivyopimwa kwa mkokoteni na farasi, imekuwa rafiki mkubwa wa baiskeli. Gari haliingii kule, baiskeli inapita.

Huku Nyanza tuna sababu yetu ya ziada. Baiskeli si kitu cha kigeni kwetu. Biashara ya boda boda ilianzia mpakani Busia, Kenya na Uganda, miaka ya 1960 na 1970, watu wakibebwa na kuvushwa kwenye keria. Ikasambaa eneo zima la ziwa kabla pikipiki haijaishika. Ile Black Mamba, baiskeli nzito ya gia moja na keria ya chuma, imepeleka mahindi kusagwa, maziwa sokoni, wagonjwa zahanati na watoto shuleni. Fundi wake yuko kila soko. Mtalii wa Amsterdam hukodi baiskeli kwa saa. Mtu wa Rangwe anaweza kuazima ya jirani yake.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuipanda baiskeli kwa ajili ya kujua. Tumeizoea kama chombo cha kazi, na mtu akionekana anaendesha bila mzigo wala abiria, ataulizwa anakwenda wapi na kuna nini huko. Mwambie tu: naenda Thimlich. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo mazuri huanza, kwa sababu wengi wamelisikia jina na hawajafika.

Mwongozaji hufanya kazi gani hasa?

Watu hudhani kazi ya mwongozaji ni kujua tarehe. Tarehe zimeandikwa kwenye kibao. Kazi yake ya kweli, hasa kwenye baiskeli, ni kuchagua mahali pa kusimama. Barabara ina vitu elfu. Yeye anajua ni vinne au vitano vipi ambavyo, ukivifunga pamoja, vitakueleza kile cha sita.

Kwa safari hii utahitaji watu wawili. Wa kwanza ni wa njiani: mtu anayeijua barabara, anayezungumza Dholuo, lugha ya Waluo, anayejua kumwamkia mama aliyeketi barazani kabla ya kumuuliza lolote. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu mwenye nguvu za miguu, au mwendesha boda boda aliyekulia Ndhiwa. Wa pili yuko kwenye eneo lenyewe, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, taasisi inayolitunza. Huyo ndiye atakayekuingiza ndani ya kuta na kukwambia unachokanyaga. Wote wawili walipwe, na bei ikubaliwe kabla ya gurudumu kuzunguka. Maarifa ya njia ni kazi kama kazi nyingine.

*Kwa ufupi hadi hapa: baiskeli inakupa mwendo wa kuona na uhuru wa kusimama, mwongozaji anakuchagulia pa kusimama.*

Kusoma njia: Rangwe hadi Ndhiwa

Kutoka Rangwe unashika njia ya Rodi Kopany, makutano ambapo barabara za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa hukutana. Homa Bay ilikuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, iliyozaa kaunti za leo za Homa Bay na Migori. Kwa hiyo msafiri wako hatoki nchi moja kwenda nyingine. Mpaka wa kaunti atakaouvuka ni wa juzi. Watu wa pande zote mbili wana koo zilizochanganyika na makaburi ya pamoja.

Kituo cha kwanza ninachopendekeza hakina kibao. Ni boma la kawaida la Kiluo, dala, popote mwongozaji anapojulikana na mwenyewe yuko tayari kupokea wageni. Simameni langoni, pigeni hodi, msiingie hadi mkaribishwe. Kisha tazameni mpangilio. Lango ni moja. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazamana nalo kutoka upande wa ndani kabisa. Nyumba za wake wengine zinafuata kwa daraja zao. Vibanda vya vijana wa kiume, simba, viko karibu na lango, kwa sababu kijana ndiye wa kwanza kusikia adui au fisi. Ng'ombe huwekwa ndani ya uzio, mbele ya macho ya watu wote. Mwulize mwenyeji kwa nini kila kitu kiko pale kilipo, naye atakujibu bila kusita.

Mpangilio huo uweke kichwani. Mchana, ndani ya kuta za mawe, utauhitaji.

Kituo cha pili ni uzio. Njia nzima utaona maboma yaliyozungushiwa mimea, na mara kwa mara ule mti mnene wenye utomvu mweupe unaowasha macho, jamii ya mtupa. Mwongozaji akusimamishe hapo akuulize: kama huna mti huu wala muda wa kuungoja ukue, na usiku huu wezi wa ng'ombe wanakuja, utajifunga kwa nini? Jibu linategemea ardhi. Penye udongo laini watu wa eneo hili la ziwa walichimba handaki na kutupa udongo upande wa ndani uwe tuta. Penye mawe walijenga kwa mawe.

Baada ya Rodi Kopany unaelekea kusini-magharibi kupitia Mirogi hadi Ndhiwa. Hii ni nchi ya miwa, mahindi na mtama. Upande wa magharibi kuna Bonde la Lambwe na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120, iliyotengwa mwaka 1966. Ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Bonde hilo lilijulikana zaidi kwa mbung'o, na kwa malale wanayoyaleta, ugonjwa uliowahamisha watu na kuua mifugo. Ukipita hapo taratibu unaelewa kwamba watu wa zamani hawakuchagua makazi kwa kutazama rutuba peke yake. Walipima maji, wadudu, majirani na umbali wa kukimbia.

Safari nzima kutoka Rangwe kwa baiskeli kwa siku moja, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 100. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea. Kwa familia au wanafunzi nashauri gari la kubeba watu na baiskeli hadi Ndhiwa, ukishasimama kwenye dala na kwenye uzio njiani, kisha kuendesha kilomita ishirini na kitu zilizobaki.

Pale mawe yanapoanza

Ukishaacha lami, ardhi inabadilika chini ya tairi. Unaanza kuyasikia mawe kabla hujayaona: spoki zinalia, mikono inatetemeka kwenye usukani. Kisha unaona mashamba yenye marundo ya mawe pembeni. Mkulima ameyaokota ili jembe lipite.

Simameni kwenye rundo moja. Hiki ndicho kituo muhimu kuliko vyote vya njiani, na mwenye gari hupita bila kugeuza shingo. Shamba lenye mawe mengi linamdai mkulima kazi mbili: kuyatoa mawe na kutafuta pa kuyaweka. Aliyejenga ohinga alizimaliza zote mbili kwa mkupuo mmoja. Alisafisha shamba akapata ukuta. Mwambieni mtoto mmoja ashike jiwe, aone uzito wake, kisha mwulizeni ukuta wa urefu wa mita 4 unahitaji watu wangapi kuuinua. Hawezi kujibu kwa hesabu, ila atajua kwamba hauwezi kujengwa na mtu mmoja wala na nyumba moja. Ulihitaji watu waliokubaliana.

Ndani ya kuta

Thimlich si ukuta mmoja. Ni maboma manne makubwa kwenye kilima chenye mteremko wa taratibu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Eneo lote lililohifadhiwa ni hekta 21. Wataalamu wanakadiria ujenzi ulianza karne ya 16. Wajenzi wa kwanza huaminiwa kuwa watu wa lugha za Kibantu. Baadaye Waluo walioteremka kutoka upande wa Mto Nile wakayachukua maboma, wakayakarabati na kuyaendeleza. Watu waliendelea kuishi humo hadi karne ya 20. Kwa hiyo huu si urithi wa kabila moja lililoshinda jingine. Ni nyumba iliyopangwa na mmoja, ikaezekwa upya na mwingine.

Acheni baiskeli nje. Kuanzia hapa ni miguu.

Tazameni ukuta kwanza. Unatofautiana kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu. Haukutumia saruji, chokaa wala udongo wa kushikisha, na mawe yake hayakuchongwa. Siri iko katika tabaka tatu. Tabaka la nje na la ndani yamepangwa kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa ili kila moja lilalie na kubana jingine. Katikati mmejazwa mawe madogo. Aliyewahi kusaidia kukandika nyumba ya udongo ataelewa mara moja: fito za nje, fito za ndani, na kati yake kinachoshindiliwa ndicho kinachozifanya pande mbili kuwa kitu kimoja. Kuta zenyewe hazikwenda kwa mstari ulionyooka; zinapinda, na pale zinapopinda zinajiegemeza zenyewe.

Kisha lango. Ni jembamba na fupi, limefunikwa juu kwa mawe bapa marefu. Utaingia umeinama. Mwongozaji akikwambia ubaki umeinama kidogo, mtii, kwa sababu hapo ndipo utaelewa ulinzi wake. Mvamizi aliingia mmoja mmoja, kichwa mbele, macho chini, mkuki hauinuki. Karibu na lango palikuwa na sehemu ya juu ya kulindia, ambapo mtu mmoja aliweza kutazama boma zima.

Sasa rudini kichwani kwenye dala mliyoitembelea asubuhi. Ndani ya Kochieng, boma kubwa kuliko yote, kuna kuta ndogo zinazogawa zizi la ng'ombe na makazi, njia nyembamba za kupitishia mifugo, mabonde madogo yaliyobaki pale nyumba zilipokuwa, na mawe ya kusagia. Mtoto aliyesimuliwa habari za mikayi na simba ataanza kuonyesha kwa kidole. Mwenye nyumba kubwa angekaa pale. Vijana hapa. Ng'ombe katikati. Mawe yaliyokuwa mawe tu yanageuka kuwa ua wa watu. Hii ndiyo faida ya njia iliyopitwa taratibu, na sijaona namna nyingine ya kuipata kwa uhakika huo.

Nje kidogo ya ukuta kuna mahali palipofuliwa chuma. Usipapite haraka. Jembe, mkuki na shoka vilitoka hapo, na mahali pa mfua chuma panakwambia kwamba watu hawa hawakuwa wakimbizi waliojificha. Walikuwa na mafundi, na fundi huhitaji wateja.

*Kwa ufupi: tabaka tatu za mawe, lango la kuinamia, mpangilio wa dala ndani yake, na fundi wa chuma nje. Ukiyaona haya manne, umeiona Thimlich.*

Lakini je, ni mji?

Msomaji mwaminifu atauliza. Amsterdam ina mitaa na makanisa. Thimlich ina zizi. Je, tunajipendekeza?

Mji si minara. Mji ni mahali ambapo watu wengi wanaishi chini ya ulinzi wa pamoja, wana kazi zinazotofautiana, na wana kanuni za nani aishi wapi. Kwa kipimo hicho Thimlich inakaribia sana mji mdogo wenye kuta. Na haikuwa peke yake. Utafiti umehesabu zaidi ya maboma 500 ya mawe katika sehemu 138 za eneo hili la ziwa. Huo ni utamaduni mzima wa ujenzi uliojua kutumia mawe makavu. Kusini mwa bara, Great Zimbabwe ilikuwa imejengwa kwa mawe yasiyo na saruji kati ya karne ya 11 na ya 15. Wajenzi hawakuwa wamoja na mawe hayakutayarishwa kwa namna moja, lakini wote waliaminia uzito wa jiwe juu ya jiwe.

Hata hivyo sipendi kulilazimisha neno. Anayekataa kuuita mji, na auite boma kubwa. Muhimu ni kwamba amefika na kuinama langoni.

Kilichoumaliza uhai wa Thimlich si vita. Chini ya utawala wa Waingereza uvamizi wa mifugo ulipungua, watu wakaona hawana haja ya kubanana ndani ya ukuta, wakatoka kwenda kujenga kila mmoja kwenye shamba lake, na uzio wa mimea ukatosha. Zile nyua ulizozipita tangu Rangwe ndizo zilizotoka humu.

Kabla ya kuondoka Rangwe

Mvua za masika, Machi hadi Mei, huugeuza udongo mweusi wa Ndhiwa kuwa gundi. Tairi hubeba tope hadi linakwama kwenye madigadi, na baiskeli inakubeba wewe kidogo kuliko unavyoibeba. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ni afadhali. Anzeni alfajiri, jua la saa saba huku halina huruma.

Mpelekee fundi baiskeli siku moja kabla, umwambie akague hasa:

- breki zote mbili, kwa sababu kuna miteremko ya changarawe;
- cheni na spoki zilizolegea;
- tairi, na tyubu ya akiba.

Beba pampu, viraka na gundi yake, maji ya kutosha na kofia. Chakula cha njiani ni ndizi, karanga na chapati za sokoni.

Ukifika, usipande juu ya kuta hata kama picha itapendeza. Ukuta usio na saruji hushikiliwa na jiwe la jirani. Ukilisogeza moja, umeyalegeza kumi. Mwaka 2000 Thimlich iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka, na mawe mengi unayoyaona yamesimama leo yamerudishwa kwa mikono.

Ukiwa na siku ya pili

Kuna mambo mawili karibu. La kwanza ni Macalder, machimbo ya dhahabu na shaba ya wakati wa ukoloni, ambako wachimbaji wadogo bado wanatafuta dhahabu hadi leo. Mwongozaji wa Thimlich atakwambia kama njia inapitika kwa baiskeli wakati huo.

La pili ni Karungu, kwenye ufuko wa ziwa. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alichimbua hapo mifupa iliyogeuka mawe, ya wanyama walioishi mamilioni ya miaka kabla ya ukuta wowote. Sori, mji mdogo wa ghuba hiyo, una samaki wabichi na vyumba vya kulala vya bei ya kawaida. Barabara ya lami inatoka Sori kurudi Ndhiwa na Rodi Kopany. Aliyechoka apande matatu, na bei ya kubebewa baiskeli juu ya keria aelewane na kondakta kabla kamba haijafungwa.